Bustani ya Uani ni Silaha ya Kujitegemea

Taifa lisiloweza kujilisha haliwezi kujitawala kwa ukamilifu, na lililo kweli kwa taifa ni kweli vile vile kwa kaya moja. Mtu ambaye chungu chake hakiinjikwi jikoni mpaka gari la mboga liwasili kutoka mbali, yu mikononi mwa mwenye gari, mwenye barabara na mwenye mvua. Leo twapenda kuzungumza na wananchi wa mkoa wetu wa Tanga juu ya jambo ambalo wengi hulidharau kwa sababu ya udogo wake, nalo ni bustani ya chakula nyumbani, pale pale uani, baina ya kisima na kamba ya kuanikia nguo.

Mkoa wetu haukunyimwa neema. Milima ya Usambara kule Lushoto huzipelekea mboga na matunda soko zetu na soko za Dar es Salaam. Huku chini pwani tuna misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hata hivyo, mvua kubwa zinapoporomosha udongo na mawe juu ya barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto, kina mama wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni hurudi kutoka sokoni na vikapu vyepesi na nyuso nzito. Ni jambo la kusikitisha kuona kwamba nyuma ya nyumba nyingi za kina mama hao hao pana kiwanja kilichoota magugu, au kilichofagiliwa kila asubuhi mpaka kikang'aa, wala hakizai hata shina moja la mchicha.

Hesabu haidanganyi. Familia inunuayo mafungu mawili ya mboga za majani kwa siku hununua mafungu 730 kwa mwaka. Kila msomaji na achukue bei ya fungu katika soko lake, aizidishe kwa 730, kisha ajiulize fedha hizo zingeweza kumnunulia nini: madaftari na viatu vya shule, bati za kuezekea chumba, au bima ya afya ya watoto. Twasema wazi kwamba sehemu kubwa ya mafungu hayo yangeweza kuchumwa hatua kumi kutoka mlangoni.

Lakini jambo hili si la fedha peke yake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Na yafaa ikumbukwe kwamba mikoa iliyoongoza kwa udumavu katika utafiti huo ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo sote twaijua kuwa ni maghala ya mahindi ya taifa. Hapo pana fundisho kubwa. Tumbo lililojaa ugali si lazima liwe tumbo lililolishwa. Mtoto hukua kwa nafaka pamoja na mboga, kunde, matunda, samaki, mayai na maziwa. Bustani haiwezi kutoa vyote hivyo, lakini yaweza kutoa vile ambavyo sahani ya maskini hukosa mara nyingi zaidi.

TULIKOTOKA

Wito huu si mpya, na sisi hatudai kuwa tumeuvumbua. Mwezi Mei 1972 chama cha TANU kilikutana Iringa na kutoa maelekezo ya Siasa ni Kilimo, ambayo maana yake ilikuwa kwamba kiongozi asiyejua habari za jembe hajui habari za watu wake. Ukame ulipoikumba nchi mwaka 1973 na 1974, serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo, wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo watu wazima walikaa katika vikundi kando ya redio, wakasikiliza masomo ya lishe, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda waliyoyasikia.

Si haki kuyakumbuka hayo kwa sifa tupu. Mahali pengi shamba la pamoja lililimwa kwa amri, na lililolimwa kwa amri liliota magugu mara bwana shamba alipogeuza kisogo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, hakuficha mapungufu ya utekelezaji. Lakini mtu mwenye busara hatupi jembe kwa sababu mpini umevunjika. Fundisho tulilolipata ni kwamba mtu hulitunza kwa moyo lile alionalo kila siku na alilalo mwenyewe. Bustani ya uani ina sifa zote mbili. Haimngojei msimamizi, haihitaji lori, wala mavuno yake hayapiti katika mizani ya mtu mwingine.

Na iwapo yupo anayedhani kuwa eneo dogo haliwezi kulisha watu kwa muda mrefu bila kuchoka, na apande mpaka Uchagani aone kihamba. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kizazi baada ya kizazi, watu wameishi ndani ya bustani zao. Juu kabisa husimama miti mikubwa ya kivuli na kuni. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya yote hayo viazi vikuu, magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini, hukatiwa majani na kupewa mashina ya migomba, na samadi yao hurudi shinani. Maji huletwa kwa mifereji iliyochimbwa na wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa ni urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Ni kweli kwamba vihamba vingi leo vimegawanywa baina ya warithi hata vikawa vidogo mno, na vijana wengi wameteremka mijini. Lakini kanuni yake haijafa: kitokacho ardhini kirudi ardhini, na pasiwe na shubiri ya udongo iliyo uchi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wetu wa pwani walipanda mgomba pale yatokapo maji ya bafuni, mpapai kando ya jiko, mndimu karibu na kisima, na matembele chini ya mnazi. Sisi tuliopita chuoni utotoni, kabla na wakati wa shule ya serikali, tulifundishwa na walimu wetu kwamba apandaye mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa thawabu ya sadaka. Jirani asiye wa dini yetu naye anayo mafundisho yake ya namna hiyo. Hapana dini iliyosifu kiwanja kitupu.

UDONGO KWANZA

Wengi hujaribu bustani mara moja, ikawashinda, wakakata tamaa. Sababu kubwa huwa ni udongo. Udongo wa pwani mahali pengi ni kichanga chepesi. Maji humwagwa asubuhi, na adhuhuri yamekwisha kuzama chini ya mizizi. Dawa yake ni mboji, na mboji hainunuliwi dukani.

Chagua pembe yenye kivuli. Tandaza vijiti na mabua makavu chini ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la majani makavu, kisha tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya mbuzi au ya kuku, kisha udongo kidogo na jivu kidogo. Nyunyiza maji hadi lundo liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, halafu rudia matabaka hayo mpaka lifike kimo cha kiuno. Funika kwa makuti. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji. Lipindue lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa joto la kwetu, baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi usionuka. Nyama, mafuta na plastiki visiingie humo. Na samadi mbichi ya kuku isiwekwe moja kwa moja shinani, maana huunguza mizizi.

Mwenye kutengeneza mboji amejikinga pia na misukosuko ya dunia. Mwaka 2022 bei ya mbolea za viwandani ilipanda duniani kote, hata serikali yetu ikalazimika kuanzisha ruzuku katika msimu wa 2022/23. Aliyekuwa na lundo lake nyuma ya nyumba hakuhitaji kusubiri ruzuku kwa ajili ya mchicha wake.

TUTA MOJA, WIKI NNE

Twashauri anayeanza asianze kwa makuu. Tuta moja la upana wa meta moja na urefu wa meta tano latosha. Upana usizidi hapo, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Tuta la ukubwa huo hutosheka kwa ndoo moja ya lita 20 kwa siku ya kiangazi, na maji ya kuoshea mboga na mchele yaweza kujaza sehemu ya ndoo hiyo. Maji ya sabuni nyingi yaende kwenye mgomba, yasiende kwenye mboga. Na kwa wenye visima karibu na bahari, waonje maji kwanza; yakiwa na chumvi nyingi, mboga nyingi zitadhoofika, na ni heri kukinga maji ya mvua kutoka batini.

Ligawe tuta hilo mafungu manne. Wiki ya kwanza sia mchicha katika fungu la kwanza, wiki ya pili katika la pili, na kuendelea. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane. Katika muda wa wiki tatu hadi nne fungu la kwanza litakuwa tayari, na tangu hapo utavuna kila wiki na kusia kila wiki bila kukatiza. Watu wengi hukosea hapa: husia tuta zima siku moja, wakapata mboga nyingi kuliko chungu, kisha wakakaa mwezi mzima bila kitu.

Pembeni mwa tuta panda matembele kwa vipande vya mashina vya urefu wa shubiri moja na nusu. Yakishashika, huchumwa kwa muda mrefu bila kupandwa upya. Panda kunde, ambazo majani yake huliwa yakiwa machanga na mizizi yake hurutubisha udongo. Panda bamia, nyanya chungu, mnavu, mgagani na pilipili. Kwenye mpaka wa kiwanja simamisha mpapai, mlonge na mndimu. Nyanya, bilinganya na pilipili zisifuatane mahali pamoja msimu baada ya msimu, kwa kuwa ni za ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Zifuatwe na kunde au mchicha. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo baina ya mimea ili jua lisinywe maji kabla ya mizizi.

Mbegu nazo zisitufanye watumwa. Mbegu chotara huzaa vizuri mara moja, lakini watoto wake hawamfuati mzazi, na mkulima hulazimika kurudi dukani kila msimu. Mboga zetu za asili hazina sharti hilo. Acha mashina matano yaliyo bora kuliko yote yakomae, yakaushe kivulini, yapure, changanya mbegu na jivu kavu, uzitie katika chupa yenye kifuniko. Kule Arusha, Kituo cha Mboga cha Dunia kimefanya kazi tangu miaka ya 1990 ya kukusanya na kuboresha mbegu za mboga za Kiafrika kama mchicha, mnavu na nyanya chungu. Ikiwa wataalamu wanaziona mboga hizo kuwa ni hazina, yatupasa nasi tuache kuziita chakula cha dhiki.

Kuhusu wadudu, msimamo wetu ni mkali. Sumu haina nafasi katika tuta lililo hatua kumi kutoka kwenye chungu na mahali wachezapo watoto. Vidukari huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo au hunyunyiziwa jivu asubuhi, umande ungalipo. Majani ya mwarobaini yakipondwa na kulowekwa usiku kucha, maji yake yaliyochujwa hufukuza wadudu wengi. Moja ya sababu kubwa za kupanda mboga nyumbani ni kwamba mlaji hajui mboga ya sokoni ilipigwa dawa lini, na kama siku za kusubiri zilitimizwa kabla ya kuvunwa.

KATIKA CHUNGU

Bustani njema yaweza kuharibiwa na upishi mbaya. Mboga za majani zikichemshwa kwa muda mrefu, maji yakamwagwa, au zikatiwa magadi ili zilainike upesi, sehemu kubwa ya vitamini hupotea. Zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi, na mchuzi wake uliwe. Kisamvu kiwe mbali na hukumu hiyo, maana kina sumu yake ya asili. Lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri chungu kikiwa wazi. Tui la nazi ambalo bibi zetu hawakuacha kulitia katika matembele lilikuwa na hekima ndani yake, kwa sababu mwili hauwezi kuichukua vitamini A ya mboga pasipo mafuta. Kipande cha ndimu au papai baada ya chakula husaidia mwili kuyapata madini ya chuma, na chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia. Mama mjamzito na msichana anayekua wana haja kubwa ya kuyajua haya, na baba wa nyumba pia.

VIKWAZO NA WAJIBU

Hatutaki kujifanya kwamba njia ni nyeupe. Kwanza, wakazi wengi wa mji ni wapangaji. Nyumba moja ya vyumba sita yaweza kuwa na kaya sita na ua mmoja, na mwenye nyumba asipende kuona udongo ukichimbuliwa. Kwa hao lipo gunia. Chukua gunia imara, simamisha katikati kopo lisilo na kitako, jaza kopo hilo kwa kokoto na kulizungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mafungu mawili kwa moja. Livute kopo juu kadiri gunia linavyojaa, hata pabaki nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Toboa matundu ubavuni, panda miche humo na juu yake, na maji yamiminwe katika kokoto. Mpangaji akihama, hulihamisha gunia lake kama ahamishavyo kitanda.

Pili, wako kuku na mbuzi wazururao. Ugomvi wa majirani wengi huanza na mbuzi mmoja aliyemaliza jasho la mwezi mzima kwa dakika tano. Mwenye mifugo ndiye mwenye wajibu wa kuifunga. Si haki kumwambia mwenye bustani kwamba ajenge ukuta. Hapo ndipo tunapomtaka balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa waamue bila kumtazama mtu usoni, hata kama mbuzi ni wa mheshimiwa.

Tatu, zipo sheria ndogo za miji zinazokataza mazao marefu karibu na makazi. Sheria ni sheria, nasi hatumshauri mtu kuzivunja. Mchicha, matembele na bamia zatosha bila kupanda mahindi barazani. Lakini mtumishi anayekuja kung'oa tuta la mnavu la mjane kwa kisingizio cha sheria ya mahindi, huyo hatekelezi sheria, anaonea. Watu waelezwe haki yao, na waelezwe na viongozi waliowachagua.

Nne, na hili twalisema kwa uchungu, kazi ya bustani imeachiwa wanawake. Mama huamka alfajiri, huchota maji, hupika, huenda katika shughuli zake, kisha jioni humwagilia, ilhali bao linachezwa kivulini mpaka magharibi. Mchezo wa bao ni mzuri, nasi twaupenda. Lakini ndoo moja ya maji haitauharibu mchezo huo. Nyumba ambayo baba hupindua mboji, watoto humwagilia na mama huamua kipandwe nini, bustani yake hudumu. Nyumba ambayo kazi zote hizo ni za mtu mmoja, bustani yake hufa siku mtu huyo anapougua.

Mwisho twageukia viongozi, wa chama na wa serikali, nasi tukiwa miongoni mwao. Tumezoea uzinduzi. Huletwa viti, hema na kipaza sauti, mgeni rasmi hupanda mche mbele ya kamera, hupigiwa makofi, kisha msafara huondoka na mche hufa kwa kiu katika wiki hiyo hiyo. Wananchi si vipofu. Kiongozi anayehimiza bustani na aulizwe kwa adabu: tuta lako liko wapi? Shule ya msingi yenye bomba na uwanja, na ambayo watoto wake wanakula ugali na maharage mwaka mzima, mwalimu mkuu wake na aulizwe vile vile. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 haikukusudia kuwafanya watoto vibarua wa shamba la mwalimu. Ilikusudia wajifunze kazi kwa kuifanya, na wafaidi matunda yake. Bustani ya shule iwe hivyo, au isiwepo.

Tunapendekeza jambo moja dogo, lililo ndani ya uwezo wa kila mtaa kabla ya mvua za vuli. Kila balozi na aanze lundo moja la mboji na kitalu kimoja cha miche nyumbani kwake, na nyumba kumi zake zichukue miche hapo bila malipo, kwa sharti moja tu, kwamba kila nyumba irudishe chupa moja ya mbegu mwisho wa msimu. Hakuna bajeti inayohitajika, wala mfadhili. Mwaka unaofuata mtaa utakuwa na mbegu zake wenyewe, na utajua kwa macho yake ni nani aliyefanya kazi na ni nani aliyehutubia.

Haba na haba hujaza kibaba. Mvua hazimngojei mtu amalize mkutano. Jembe liko nyuma ya mlango, tulitoe.